Redio ya Gurei Imerudi

Mwalimu Wekesa,

Tangu ndege ikurudishe kwenu Bungoma, nakalia kiti changu kilekile hapa ofisini Juba. Chako nimekiachia makoti.

Nakuandikia kwa sababu ya redio ya zahanati ya Gurei, ile inayowaletea mtandao. Juzi jenereta yao ilizima mchana. Ilipowaka, mawimbi yalirudi lakini VPN, ile njia yetu ya siri hewani, ikagoma: redio ilikataa cheti cha seva yetu ya Munuki kana kwamba haiijui. Nikapanda boda hadi huko. Nikatengeneza funguo mpya. Ikakataa. Daktari alikuwa anasubiri majibu ya damu, na meneja wetu akapiga simu: "Binti, toa hizo kufuli, kalas, yaishe! Nani Juba hii atasikiliza hewa?"

Kidole kilikuwa tayari. Ningefungua, majibu yangefika, na majina ya akina mama wenye virusi vya UKIMWI yangepita wazi juu ya mapaa yote kutoka Munuki hadi Gurei. Nikakumbuka uliponikalisha soko la Jebel na laptopu, ukanionyesha barua ya mume kwa mkewe ikiokotwa hewani. Ukaifunga haraka. "Umeona? Sasa sahau ulichosoma." Sijaisahau, Mwalimu. Alikuwa anaomba msamaha.

Sikufungua. Nilikaa chini ya mnara nikalia, mpaka mlinzi akanihurumia: "Mzee yako, umeme ikipotea, yeye iko anakuja, anafinya-finya, anakunywa chai, anaenda."

Kila umeme ukipotea! Kumbe kuna kitu kinachopotea nao. Nikatazama saa ya redio: ilikuwa imerudi nyuma miaka, kabla cheti chetu hakijatolewa, ndiyo maana ilikikataa. Nikairekebisha, na VPN ikasimama pale pale. Nilicheka kwa sauti. Safari zako zote za "naenda kusalimia Gurei"! Ulikuwa unaweka saa kwa mkono, kimya kimya, na kutuacha tukiamini mitambo yako haiharibiki. Mjanja wewe.

Nimeiagiza redio iulize saa kwetu kila inapowaka, kabla ya jambo lingine lolote. Jana umeme ulikatika tena, na VPN ikarudi yenyewe kabla sijainuka. Nikafurahi. Halafu nikaumia: hakuna tena sababu ya mtu kwenda.

Nikaita boda hata hivyo.

Pumzika kwa amani, Mwalimu wangu. Nikiwa hapa, hewa ya Gurei haitaachwa wazi. Hilo nakuahidi.

Mwanafunzi wako,
Keji