Kiganja cha Baraka

Mkahawani kwako,
Jumapili, baada ya kufunga.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza ukorofi, na miguu haijavimba kama ile wiki kaka aliponipigia simu kwa hofu. Msalimie kaka, msalimie wifi, na wajukuu wako uwaambie shangazi yao anawakumbuka, hata wale wasiokumbuka kumsalimia. Sisi huku tu wazima. Paa la jiko limezibwa, paka wako amezaa tena, na kiti chako cha kando ya mlango wa jiko kipo pale pale. Hakikaliwi na mtu, isipokuwa huyo paka, ambaye haambiliki.

Najua maneno yamekufikia. Kaka aliniambia juzi kwamba umenuna tangu usikie mwanao alisimama mbele ya wabunge akauaibisha mkahawa wako. Akakupa simu tuzungumze, nikakusikia kwa mbali ukisema jambo zito huandikwa, halipigiwi kelele kwenye kidude cha sikioni. Haya basi, naandika. Nakuomba tu uisome mpaka mwisho kabla hujaanza kuniita majina.

Unayakumbuka maagizo yako. Ulipotangazwa ule muswada wa sheria, kwamba kila pakiti ya chakula na kila orodha ya vyakula mkahawani ionyeshe chumvi, sukari na mafuta yaliyomo, wewe ulikuwa wa kwanza kukasirika. Ulisema chakula ni cha kuliwa, si cha kufanyiwa hesabu, na kwamba mkono wako haujawahi kudaiwa kitambulisho. Naye mwenyekiti wa chama chetu cha wenye mikahawa, huyu tunayemwita Bwana Tai kwa sababu hata akikaanga viazi hukaanga na tai shingoni, alikuja kuniomba nikaseme kwa niaba yako siku kamati ya wabunge itakapokuja kusikiliza maoni. Alisema kwamba wewe, mama, ndiye uliyekianzisha chama, na hakuna mtu mji mzima asiyeijua supu yako. Ukamwambia kaka aandike maneno yako kwenye karatasi, ukanitumia, ukaniagiza niende nikaupinge muswada. Nikaitikia ndiyo, mama. Ndiyo ile ilikuwa ya uongo. Naomba radhi kwa hiyo kwanza, maana ziko nyingine zinakuja.

Jambo hili, mama, lilianza kabla ya muswada, na lilianza na Dereva. Unamjua: yule mstaafu wa malori anayekula kwetu asubuhi na jioni tangu mkewe afariki, meza ya dirishani, kofia juu ya goti. Mwaka jana shinikizo la damu lilimwangusha bafuni. Alirudi kutoka hospitali mdomo umevutwa upande mmoja, na mfukoni ana karatasi ya daktari: chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Akaiweka mezani, akaniuliza bila ubaya wowote bakuli hili lina kiasi gani. Miaka sita tangu uniachie mwiko, naipika supu hiyo kila siku ya Mungu, na sikuwahi kuipima chumvi yake. Nikamwambia ni kidogo tu. Akaniamini, akanywa, akaomba nyongeza. Kuaminiwa kule kuliniuma kuliko kama angenitukana.

Kesho yake nikaenda zahanati kumtafuta mtaalamu wa lishe. Akaja dada mmoja mwembamba, mpole wa sauti, mkaidi wa roho, amekumbatia mizani ndogo kama mtu aliyebeba mtoto. Wafanyakazi wakambatiza Dada Mizani kabla hajavuka kizingiti. Akanikataza kubadilisha chochote. Nichote chumvi kama ulivyonifundisha, ila kila kiganja kipite kwenye mizani kwanza. Nikachota: viganja vinne vya supu, na juu yake kimoja, kile unachokiita cha baraka. Akaandika, akagawa kwa mabakuli hamsini, akaongeza kipande cha mkate. Jumla ikawa kijiko kimoja cha chai kwa kila bakuli, kasoro punje chache. Dereva alikuwa anamaliza chumvi ya kutwa kabla jua halijapanda, na jioni anaanza upya. Nilimwambia Dada Mizani kwamba mizani yake ni mbovu. Tukapima mara tatu. Mizani haikuwa mbovu, na mimi nikakaa juu ya gunia la viazi nikaanza kuhesabu mabakuli aliyokunywa Dereva.

Nilichokifanya baada ya hapo nitakueleza pale pale nilipowaeleza wengine.

Siku ya kamati ukumbi ulifurika, viti vya plastiki vikaisha, watu wakasimama mpaka kwenye ngazi. Bwana Tai alifungua. Ana ulimi yule baba, tumpe haki yake. Alisema kizuri chajiuza, wala hakihitaji namba ubavuni. Alisema sheria hii itawatisha wateja na kuwalazimisha wapishi kupunguza chumvi mpaka mikahawa yote inuke kama wodi ya hospitali. Kisha akatafuta mfano, na mama, kati ya mifano yote ya dunia hii akauchukua wa kwetu. Akasema ameinywa supu yako kila Alhamisi kwa miaka kumi na tisa, Alhamisi iliyopita ikiwemo, na ladha haijasogea hata unywele. Ukiipunguzia chumvi nusu, akasema, hata paka hataigusa. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani iliyokaa ncha ya pua, akaniita mimi.

Nikasimama. Karatasi yako ilikuwa mkononi. Niliikunja, nikaitia mfukoni, nikasema kwamba nimetumwa na mama yangu kuupinga muswada, na mama yangu nampenda, lakini nimeshindwa. Nikawaeleza habari ya Dereva na jibu langu la uongo. Nikawaeleza habari ya mizani. Halafu nikawaambia kwamba tangu siku ile, kila Jumatatu, nilikuwa nikipunguza chumvi ya sufuria kubwa kijiko kimoja cha chai. Kimoja tu, ulimi usishtuke. Vitunguu nikaviacha motoni mpaka vigeuke rangi, nikaongeza saumu, nikakamua ndimu mwishoni. Jumatatu ishirini zilipotimia, mwezi wa nne, nusu ya chumvi ilikuwa imeondoka. Na hiyo ndiyo supu, nikasema, ambayo Bwana Tai ameinywa kila Alhamisi tangu mwezi wa nne, na mara mbili akanifuata jikoni kuisifu.

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na ukumbi mzima ukamfuata. Yule mama wa miwani alimuuliza Bwana Tai kama aliwahi kuhisi tofauti. Mama, aliilegeza tai! Kwa mara ya kwanza tuliiona shingo yake, ni ndefu kuliko tulivyodhani. Lakini ni muungwana. Alisimama, akacheka mwenyewe mpaka akapangusa macho, akasema kwamba kama mambo ni hayo basi yeye naye angependa kujua kilichomo kwenye sufuria zake.

Halafu akainuka Dereva, kofia mkononi, na mdomo wake ule wa upande. Alisema aliendesha lori miaka arobaini, na hata siku moja hakuondoka bila kutazama mshale wa mafuta. Haombi mtu amkataze kula. Anaomba bakuli limwambie, aamue mwenyewe. Hakuongeza neno, akaketi. Mimi nililia pale pale mbele za watu, na sioni haya kukuambia.

Alhamisi iliyopita sheria ilipita! Tulisikia redioni tukimenya viazi, na jikoni palikuwa na ngoma ya mifuniko mpaka wateja wakachungulia kuuliza kama kuna harusi. Sheria inatupa mwaka mzima wa kujitayarisha, lakini mimi sikungoja. Ubao wa mlangoni umeandikwa upya, na chini ya supu, kwa herufi anazozisoma Dereva bila miwani, ipo hesabu ya chumvi. Foleni haijapungua. Watu wanasoma, wanabishana, wanaingia. Daktari amempunguzia Dereva kidonge kimoja, na Dereva mwenyewe ameshamtangazia kila mtu, hata wasiomuuliza. Na Bwana Tai alikuja kuazima mizani aliyoniachia Dada Mizani. Leo ni siku ya tatu, hajarudisha.

Sasa, mama, kama umesimama, keti.

Liko jambo sikuiambia kamati, kwa kuwa ni letu. Mwezi wa sita ulikuja kututembelea. Ulikaa kwenye kiti chako, nikakuletea bakuli, nikajificha nyuma ya mlango na taulo mkononi kama bibi harusi. Tangu uniachie mwiko hukuwahi kuisifu supu yangu. Mara nzito, mara vitunguu vya bei ya kutupa, mara nimeipika huku nawaza mengine. Siku ile ulikunywa mpaka ukamaliza, ukaweka kijiko, ukasema, Leo umeushika mkono wangu. Ukaomba bakuli la pili. Nilikimbilia stoo kulia, ukadhani nalia kwa furaha.

Furaha ilikuwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba supu ile ilikuwa ndiyo hiyo hiyo, mama. Ilikuwa imebaki na nusu ya chumvi yako, na kiganja cha baraka kilikuwa kimetoka siku nyingi.

Nilinyamaza. Maneno yale niliyangoja miaka sita, nikaogopa kwamba nikikuambia utayachukua. Na wakati nimenyamaza, wifi alikuwa akiniambia kwamba daktari wako amekuandikia yale yale aliyoandikiwa Dereva, kwamba unawazungusha na kikopo cha chumvi mezani, unaapa kwamba chakula kisicho na chumvi hakikupiti kooni. Miguu yako ikavimba, nami nilikuwa na ushahidi mkononi, nikauficha kwa ajili ya sifa. Hilo ndilo kosa langu. Kusimama mbele ya wabunge si kosa, na hilo sitaliombea radhi. Hili naliomba kwa magoti.

Kinakupita kooni, mama. Kilikupita mabakuli mawili, na shahidi wangu ni ulimi wako mwenyewe, ambao sijawahi kuona unadanganywa.

Ndani ya bahasha kuna kijiko. Ndicho kile cha Jumatatu zangu ishirini, mpini umepinda kidogo. Mpe wifi. Sufuria yake ni ndogo, kwa hiyo apunguze ncha ya kijiko tu kila Jumatatu, na wewe usichungulie. Ukitaka kuyarudisha maneno yako, njoo uyachukue mwenyewe. Bakuli lako lipo, na paka nitamhamisha.

Na kiganja cha baraka usidhani nimekifuta. Kila asubuhi, sufuria ikishachemka, nakinyoosha juu ya mvuke, kitupu, nalitaja jina lako, kisha nafunika.

Wafanyakazi wote wanakusalimu, na Dereva anasema akuone kabla hajaota meno mapya. Nisalimie nyumba nzima, na Mungu akuweke.

Ni mimi mwanao,
mwenye mkono wako, kama bado unaniruhusu kusema hivyo.