Hatunaye

Dada yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu haukusumbui, na hiyo karakana ya hospitali mnakotengeneza viatu vya wagonjwa haijakumaliza nguvu. Sisi huku hatujambo, ila wifi yako ana kikohozi kinachokuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi mwili mzima, lakini nafsi haitulii. Hii ni karatasi ya tano. Nne za kwanza nilizikunjakunja nikazishindilia kwenye viatu vya wateja visipoteze umbo, na nadhani viwili vimeshachukuliwa, kwa hiyo huenda kuna mtu anatembea mjini na msamaha wangu chini ya vidole.

Najua ni miaka tisa sijakuandikia. Anwani nimepewa na shangazi, baada ya kunisema mpaka masikio yakawaka moto.

Naanza na ombi, maana nikilichelewesha nitaogopa. Jumapili hii saa kumi alasiri runinga itaonyesha kipindi cha mafundi wa kazi za mikono. Tafadhali usikitazame kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Kinatuhusu sisi, na ndani yake kuna uongo mmoja, na unajua mimi na uongo wa runinga.

Au pengine hujui, kwa sababu ulipoondoka hatukuwa na runinga karakanani. Niliinunua baadaye nikaiweka juu ya rafu ya kalibu, zile mbao zenye umbo la mguu, mahali alipokuwa akiweka redio yake baba. Tamthilia sizitaki. Wenyewe wameshakiri kwamba wametunga, hakuna ugomvi. Mimi natazama makala, za wanyama, za vita, za ajali, za watu wa kale, kwa sababu hizo zimeahidi ukweli, na ahadi ni deni. Basi nakaa na msharasi wa kutobolea ngozi mkononi nikiwasubiri wakosee, na hawajawahi kuniangusha. Niliona makala ya ndege wa ziwani ambamo ndege watatu tofauti walilia kwa sauti ile ile moja, mpaka kikohozi cha mtu aliyekuwa nyuma kilikuwa kile kile. Niliona nyingine ya vita vya miaka mia nne iliyopita. Askari wanaanguka mmoja mmoja, muziki wa huzuni unalia, na kila anayeanguka ananionyesha soli ya mpira iliyobandikwa kiwandani. Nilishindwa kabisa kusikitika.

Lakini kinachonikera kuliko vyote ni pale bibi wa watu anapozungumza dakika nzima kwa lugha yake, anarusha mikono, anacheka, anafuta machozi, halafu msimulizi anatafsiri kwamba bibi anasema maisha yalikuwa magumu. Na yale mengine nani kayala? Hapo nilikuwa napaza sauti nyundo ikiwa bado hewani, si kweli, si kweli, mpaka majirani wakanibatiza jina hilo. Siku hizi wateja wakipotea njia wanaulizia kwa Si-Kweli, na wanaletwa mpaka mlangoni.

Nikaanza kuwaandikia kituoni. Barua kumi na tatu zilikwenda kimya kimya. Ya kumi na nne, ile ya soli za askari, ilijibiwa kwa miguu. Mtayarishaji wa vipindi alikuja mwenyewe, mtu mpole mwenye kofia ya kitambaa. Alisema barua imechekesha ofisi nzima na kuiaibisha pia, na kwa kuwa ninajua sana kuona makosa ya wenzangu, angependa kunitia mimi mwenyewe kwenye kipindi. Nilijifanya natafakari. Wifi yako anasema nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Walikuja na mpiga picha na mataa mawili makubwa. Jambo la kwanza waliniomba nitoke nje, kisha niingie kana kwamba ndiyo kwanza nafika kazini, na mimi nilikuwa ndani tangu saa moja asubuhi. Nikatoka, nikaingia. Haikutosha. Mara ya tatu nilisalimia hata watu ambao hawakuwapo. Mimi huyu, dada.

Kisha wakauliza juu ya viatu vya kuinua, vya watu ambao mguu mmoja umepungua urefu. Nikawaeleza yote. Nilieleza jinsi baba alivyokuwa akikuinulia kiatu cha kushoto kwa kipande cha mbao, tukikujua unakuja kwa ule mlio wako wa ko, ko, ko sakafuni. Nilieleza kwamba ukiwa na miaka kumi na minne ulizichukua ndala zangu bila kuniomba, ukazikata, ukazibandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi, ukazichonga kwa kisu cha baba, kisha ukatembea hadi mlangoni bila mlio wowote. Baba ilibidi aketi. Mimi nililia, lakini nililia ndala zangu. Nikawaambia kwamba mpaka leo kila kiatu cha namna hiyo kinachotoka hapa kinatengenezwa kwa njia ya dada yangu. Mpaka hapo sikuongeza wala sikupunguza.

Mtayarishaji akafurahi sana. Akauliza dada huyo yuko wapi sasa, maana angependa mno kuongea naye.

Nikajibu, "Hatunaye."

Naapa nilimaanisha hatunaye hapa, hatunaye karakanani. Lakini unajua neno hilo linavyosikika likitamkwa kwa sauti ya chini na mtu anayetazama sakafu. Mtayarishaji alivua kofia. Akasema, "Pole sana, fundi."

Nami nikamwitikia, "Tumeshapoa."

Kwa neno la kwanza naweza kuusingizia ulimi, ulimi hauna mfupa. La pili nililisema nikijua ninachofanya. Baada ya hapo wakaiona aproni yako, ambayo bado iko kwenye msumari pale ulipoitundika, wakaniomba niiguse. Nikaigusa. Wakaniomba niiguse tena, polepole zaidi. Machozi yakanitoka, dada, na hilo ndilo linalonitia wazimu, kwa sababu machozi yalikuwa ya kweli.

Wiki iliyopita tangazo la kipindi lilianza kuonyeshwa. Linasema fundi anaendeleza kazi ya marehemu dada yake. Mwalimu mstaafu, yule uliyemtengenezea kiatu baada ya kuvunjika nyonga, alikuja siku ya pili yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akakivua kiatu chenyewe, akakiweka mapajani, akasema hajawahi kukushukuru inavyotakiwa. Nilimwitikia kwamba tumeshapoa. Hiyo ikawa mara ya pili. Jioni shangazi akapiga simu. Hakusalimu. Aliuliza, "Umemzika nani wewe, na mbona mimi sikuitwa mazishini?"

Sasa nifike pale ninapopakimbia tangu mstari wa kwanza. Ningesema uko hai, angeuliza uko wapi. Ningemwambia uko wapi, angeuliza kwa nini hauko hapa. Na jibu liko juu ya mlango wetu kwa rangi nyekundu, BABA NA MWANA, MAFUNDI VIATU. Mwezi mmoja baada ya kumzika baba, mchoraji wa vibao aliniuliza aandike nini, nami nikampa maneno hayo nikijua vizuri nani hayumo. Watu walikuwa wanakuja kumuulizia fundi, wakinikuta mimi wanasema hapana, yule dada. Nilichoka kuambiwa yule dada. Uliposimama chini ya ngazi ukauliza, "Na mimi niko wapi hapo?" nilikujibu kwamba nafasi ya ubao haikutosha. Uliitundika aproni ukaondoka, na kiatu chako kilikuwa kizuri kiasi kwamba sikusikia hata umefika wapi.

Kumbe ilikuwa rahisi kwangu kukuua kuliko kusema nilikufukuza. Nimekukosea, dada. Nisamehe, na kama huwezi, basi niambie nijue.

Nimewaandikia kituoni barua ya kumi na tano, fupi kuliko zote. Nilisema si kweli, dada yangu yu hai, na aliyepotosha ni mimi. Mtayarishaji alinipigia simu. Akasema wanaweza kukiondoa kipande chako chote, mambo yakaisha. Nikamwomba asikiondoe, maana ungekuwa umefutwa mara ya pili. Tumekubaliana wataweka masahihisho mwanzoni kabisa, yasomwe kwa sauti, na aliyekosea atajwe. Majirani watanicheka mwaka mzima. Waache wacheke, mimi nimewacheka wengi.

Sikuambii urudi, sina uso huo. Ila ukikitazama, ukaniona naishika aproni yako, sema si kweli kwa sauti, hata kama uko peke yako chumbani. Nitakuwa hapa nimekaa, na nitakuwa naitikia.

Wifi yako anakusalimu, anasema hajui kipimo cha mguu wako siku hizi lakini kitanda cha wageni anacho. Shangazi anakusalimu na anasema yeye hakuwa na habari ya uongo wangu. Nisalimie wenzako wa karakana. Ukijibu, hata kwa mstari mmoja wa kunitukana, nitaupokea kwa mikono miwili.

Mdogo wako,
Si-Kweli

Tena, nilitaka kuifunga bahasha nikakumbuka. Leo asubuhi nilipanda ngazi na kisu cha baba nikaikwangua M ya kwenye kibao. Sasa kinasomeka BABA NA WANA, na pengo lipo, wapita njia wanauliza. Nafasi ilitosha, dada. Herufi moja ndiyo iliyokuwa imezidi.