Sehemu ya Nne Niliyoicheza Bila Wewe

Bweni la Wafanyakazi,
Chumba cha 14, kitanda cha juu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kimya,

Hujambo? Mama je, goti lake bado linamsumbua au ile dawa ya kuchua imemsaidia? Na wewe huko kiwandani, bado wanakusimamisha kutwa nzima kwenye meza ya kukatia vitambaa? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kila ninapoinama, na viganja vimeota sugu mpaka nikijikuna najichubua. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Wenzangu wameenda kufua, nimebaki peke yangu, nikaona nikuandikie kabla sijaghairi.

Barua yako ilinifikia wiki mbili zilizopita. Umeniambia kwamba sehemu ya nne ya mchezo wetu wa Mnyatiaji bado iko juu ya kabati, ndani ya plastiki yake, miaka mitatu sasa, na kwamba kila Jumamosi unaipangusa vumbi. Niliposoma hapo nikaikunja barua. Sikuweza kuendelea mpaka kesho yake.

Kanuni ilikuwa yetu wawili na hatukuiandika popote. Sehemu mpya ya mchezo haifunguliwi mpaka tukae pamoja, mmoja ashike pedi ya kuchezea, mwingine ahesabu hatua za mlinzi kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu, anageuka. Ukishika wewe, tulipita katikati ya walinzi sita bila hata mmoja kukohoa. Ndiyo maana jina la Kimya likakuganda. Nikishika mimi, nakanyaga changarawe, taa zinawaka, king'ora kinalia. "Kishindo, umeamsha mtaa mzima. Lete hiyo pedi." Na Mama kutoka jikoni, "Nani amekufa tena?" Ni mimi. Kila siku ni mimi.

Basi nisikilize, mdogo wangu. Sehemu ya nne nimeshaicheza.

Ilikuwa mwaka jana. Mchomeleaji anayelala kitanda cha chini alinunua mashine ya michezo, akaniita, "Kaka, shuka uone kitu." Nikaliona jina kwenye kioo. Nilijiambia nitatazama dakika tano tu. Baada ya wiki tatu nilikuwa nimeimaliza yote. Kisha ulipopiga simu ukaniuliza kama nimeiona hata kwa jirani, nikakujibu sijaigusa. Kuicheza ni udhaifu, mtu akichoka anashika chochote kilicho mbele yake. Lakini kukudanganya nilikudanganya kwa akili timamu, na hilo halijaniacha mpaka leo.

Tena mchezo wenyewe haukustahili uongo huo. Zamani ilibidi tujue sakafu, kwamba mbao inalia, zulia linanyamaza, maji yanakusaliti. Tulizima taa moja moja na kujibana nyuma ya pipa mpaka miguu yetu sisi wenyewe ikafa ganzi. Sasa walinzi wamekuwa viziwi. Kila mmoja ana mshale mwekundu juu ya kichwa, eti usipate taabu ya kumtafuta. Mnyatiaji amepewa bunduki kubwa kama bomba la maji taka. Mchomeleaji hajawahi kucheza sehemu za mwanzo, alipita mchezo mzima akifyatua risasi na hakuna aliyemkataza. Nilimwuliza, "Sasa kujificha kuna faida gani?" Akanijibu, "Kwani nani amekulazimisha kujificha, mzee?"

Kilichoniudhi zaidi ni ule mlango. Unakumbuka sehemu ya tatu iliishia Mnyatiaji amefungiwa ndani, tukakaa tunatazama majina ya watengenezaji yakipanda, wewe unasema haiwezekani iwe mwisho. Katika ya nne yuko nje tu, anatembea. Hawakueleza alitokaje. Nilivumilia wiki tatu nzima kwa ajili ya mlango huo.

Hata hivyo nimesoma kwamba sehemu ya tano inakuja na kwamba giza litarudi. Wameshaiahirisha mara tatu, na kila mara naamini upya. Usinicheke. Zipo siku za kubeba masanduku tangu asubuhi, na kitu pekee ninachosubiri kwa hamu ni kuona kama safari hii walinzi watakuwa na masikio.

Tabia ya kunyata nayo haijaniisha. Mwezi uliopita nilipita nyuma ya foklifti ya kuinulia mizigo kimyakimya, nikifuata kivuli cha marobota kama mjinga. Dereva hakunisikia, akarudi nyuma, akasimama shibiri moja kutoka mguuni kwangu. Msimamizi akaja mbio. "Wewe umekuja kufanya kazi au kuiba? Hapa ghalani watu wanatembea kwa kishindo." Sasa napiga mluzi kila kona. Nilijua utafurahi kusikia hilo.

Lakini uliloandika mwisho wa barua halikunichekesha. Umesema mimi na watengenezaji wa Mnyatiaji tumezaliwa tumbo moja, kila mwaka tunasema mwakani. Nimehesabu. Nimekuambia nitarudi mwakani mara nne. Wao wameniahirishia mara tatu tu, nami nimewatukana.

Msimamizi aliniletea mkataba mwingine wa miaka miwili niusaini kabla ya Alhamisi. Nililala nao chini ya mto siku tano. Alhamisi nikamrudishia bila saini. Akaniuliza, "Umepata kazi wapi?" Nikamwambia nimechoka na nina mtu ananisubiri. Baba mdogo amekubali nimsaidie katika karakana yake ya majokofu, muulize atakuthibitishia, maana neno langu peke yake najua siku hizi halitoshi. Mkataba wangu unaisha tarehe 30 Juni na tiketi ni ya tarehe mbili Julai.

Nisalimie sana Mama, umwambie namletea kitambaa cha goti cha kubana. Nisalimie baba mdogo na mkewe, na shangazi anayedai nimenenepa kwenye picha. Mungu awape afya na usingizi mzuri, na mikono yako aiepushe na mkasi.

Kuhusu ile iliyoko kabatini, mimi sina tena haki ya kusema ingoje. Ukitaka ichane plastiki leo ucheze peke yako, uniandikie kama nimeionea. Ukitaka kunisubiri, nitakaa pembeni nihesabu hatua, ingawa nimeshajua mlinzi anageuka wapi, na nitajitahidi nisikuambie.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nilipokudanganya,
Kishindo