Bomba la Grisi na Bunduki

Kambi ya Jeshi, Thika
8 Septemba 1957

Kwa dada yangu mpendwa Mwongeli,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ruiru, na kifua hakikusumbui. Mimi ni mzima, ila mikono haitakati. Naandika Kiswahili kwa sababu barua zetu zinasomwa ofisini, na hapo hakuna anayejua Kikamba, wangeizuia.

Dada, sikupewa bunduki. Nilipomaliza mafunzo nilipelekwa karakana, nikapewa bomba la grisi. Jumatatu ni magurudumu ya trela za maji, Jumanne majiko ya kupikia porini, Jumatano mashine ya kutoa stima ya taa. Hata chombo kisipotoka, siku yake ikifika natia grisi. Nilimwuliza Sajini Boaz, "Afande, trela hii haijasogea tangu mwezi jana, ya nini?" Akasema, "Mulei, tukingoja ilie tumechelewa."

Wenzangu wanapiga gwaride nami niko chini ya trela. Nimeomba kuhamishiwa kwa wenye bunduki.

Mimi ndugu yako mdogo,
Mulei

Ruiru
22 Septemba 1957

Kwa Mulei, mwana wa mama,

Hujambo? Mimi sijambo, kifua kimetulia tangu baridi iishe.

Niliyoipenda katika barua yako ni ile trela. Usicheke. Hapa shambani mashine ya kumenya kahawa inapiga kelele kama nguruwe anayevutwa mguu. Fundi Wainaina anasema ni uzee. Mwaka jana ilikwama msimu ukiwa umepamba moto. Kahawa ikaoza kwenye magunia, na sisi wachumaji tukarudishwa nyumbani siku nne. Msimu mkubwa unakaribia. Niambie: mtu asiyefungua mashine atajuaje kwamba ndani kumekauka?

Kuhusu bunduki sina la kusema. Wewe ndiye unayeitaka.

Dada yako,
Mwongeli

Thika
6 Oktoba 1957

Dada mpendwa,

Habari za siku nyingi? Mimi ni mzima sana, utaona sababu.

Mashine ikishazunguka saa nzima, weka kiganja karibu na pale chuma kinapozungukia, si penye mkanda, utakatwa mkono! Ukishindwa kukiacha mpaka uhesabu tano, kumekauka. Kisha chukua kijiti, ncha moja pale, nyingine sikioni. Ukisikia mvumo, ni sawa. Ukisikia kukwaruza, si sawa. Wakati wa kutia grisi mashine isimame, na tundu lifutwe kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Sukuma mpaka ile nyeusi ya zamani itoke na mpya ionekane. Hapo acha.

Na sasa habari yenyewe: wamekubali! Kesho napewa bunduki. Nilipomuaga Sajini Boaz alinishika mkono.

Ndugu yako mwenye furaha,
Mulei

Ruiru
17 Novemba 1957

Mulei,

Hujambo kweli? Wiki sita sijapata hata mstari mmoja.

Nilikwenda kwenye mashine na kijiti changu saa ya kupima kahawa. Wamboi, tunayechuma naye pamoja, akauliza kama nimeanza uganga. Ndani kulikuwa kunakwaruza. Nikamwambia Wainaina, akacheka. Nikasema, "Basi weka mkono wako, uhesabu mpaka tano." Alifika tatu.

Alipofungua, grisi ilikuwa ngumu kama ukoko wa sufuria, imechanganyika na maganda ya kahawa. Akakaa chini. "Mwongeli, hii haingemaliza wiki." Alisafisha kutwa nzima, nami nikimpa vitambaa. Tangu siku hiyo hatujarudishwa nyumbani hata mara moja, na kila asubuhi kabla ya kuchuma ni mimi ninayetia mafuta.

Nimefurahi, lakini furaha haijatimia mpaka uandike.

Dada yako,
Mwongeli

Thika
1 Desemba 1957

Dada,

Nisamehe. Mwili ulikuwa mzima. Sikujua tu nikuambie nini.

Bunduki nilipewa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuipaka mafuta, na kila asubuhi inakaguliwa. Hapo nilicheka peke yangu. Kisha nikawekwa kwenye kizuizi cha barabara, karibu na Witeithie, kukagua karatasi za watu. Siku moja akaja mama mmoja na mzigo wa kuni. "Habari ya asubuhi, mama. Nionyeshe karatasi zako." Alitupa mzigo chini. Alizitoa karatasi kwa pupa, zikaanguka. Nilipoinama kumwokotea, akajikinga uso. Dada, alidhani nataka kumpiga.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Mwisho nikaenda kwa Sajini Boaz. "Afande, naomba kurudi."

"Umeshindwa na bunduki?"

"Nimeiweza, afande. Siitaki."

Aliingia ofisini mwenyewe kunisemea. Trela tatu zilikuwa zimerudi kutoka porini, magurudumu yamejaa matope, na mikono haitoshi. Tangu Jumatatu niko chini ya trela hizo, na ninalala vizuri. Ila baba alitaka mtoto mwenye bunduki, na sijui nitamwambia nini.

Ndugu yako,
Mulei

Ruiru
8 Desemba 1957

Kwa Mulei, mwana wa mama,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama pale pale mlangoni. Sasa siulizi kama hujambo, nimeshajua.

Yule mama huwezi kumfuata umweleze. Hilo utabaki nalo. Lakini nashukuru umetoka pale. Baba niachie mimi, mimi ananisikia.

Msimu unaisha Ijumaa. Msimamizi amesema mwakani sitachuma tena, nitakuwa kwenye mashine pamoja na Wainaina. Wamboi alipiga kelele mpaka watu wakatoka shambani kuuliza nani amefiwa.

Jumapili nakuja Thika na treni ya asubuhi, nikiwa na kuku aliyekwisha pikwa. Ukiwa na zamu usiombe ruhusa. Mwambie Sajini Boaz kwamba dada yako atakaa nje ya karakana, ana swali moja kuhusu mkanda, na hana haraka.

Dada yako,
Mwongeli