Mshale Hauna Kofi

Jumapili, 7 Agosti 1983

Mbuvi amekuja kutoka Salama baada ya ibada. Hakuja kwa ajili ya ibada. Alinikuta navua viatu vya kanisani, akaanza kabla hajaketi: Baba, mwaka huu usitembee. Panda basi kama watu wengine!

Nilimjibu nilivyomjibu mwaka jana. Tangu mafuriko ya 1961 yalipokata barabara, kila Agosti mimi na rafiki yangu Abdulatif hutoka hapa Tawa kwa miguu, tukavuka Mto Athi, tukafika Kanyangi siku ya pili. Basi huzunguka kutwa nzima na kummwaga mtu huko akiwa vumbi tupu. Na safari hii nina sababu zaidi. Binti yangu Kavata, aliyeolewa huko Kanyangi, amejifungua mtoto wa pili wa kiume, naye kwa desturi yetu amepewa jina la baba wa mama yake. Mwangangi anakwenda kumwona Mwangangi. Sitaki kufika nikiwa nimebebwa.

Mbuvi akatoa habari aliyokuja nayo. Katika mteremko wa mwisho kabla ya mto kuna mtu mwenye koti refu la jeshi, la kijani. Mwezi uliopita alimpiga Nzomo, muuza ugoro, akamnyangʼanya. Wanasema ni askari aliyetoroka kambini mwaka jana. Wanasema mengi.

“Kama ni lazima utembee,” akasema, “beba ile uta ya babu. Si lazima upige mtu. Aone tu uko nayo.”

“Ile uta”! Mwalimu wa zamani mimi, sikumsahihisha. Haikuwa siku ya sarufi.

Uta wa baba umetundikwa juu ya mlango tangu alipofariki mwaka 1952. Nimepita chini yake mara ngapi bila kuutazama? Leo nimeutazama.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimekwenda kwa Nzomo. Uso umepona nusu. Nusu ya sikio la kushoto haipo.

Kumbe alikuwa na panga! Ndani ya kikapu, chini ya ugoro. Yule mtu alitokea mbele yake, hakusema neno. Nzomo akalikimbilia panga — wakalingʼangʼania — mwenzake akawa na nguvu zaidi. “Panga langu mwenyewe, Mwalimu! Nililinoa asubuhi ile ile.”

Nikamwambia: basi umenifundisha nisibebe silaha. Akacheka mpaka akalishika shavu kwa maumivu. “Hapana! Nimekufundisha ubebe kitu kinachofika mbali.”

Nilimwuliza kama angempa kikapu tu, angekuwa na sikio lake zima leo. Akasema kwamba usiku hujiuliza hivyo hivyo. Mchana huwaambia watu kwamba kidogo tu angemkata.

Nimerudi na swali kubwa kuliko lile nililokwenda nalo.

Jumatano, 10 Agosti

Nimeushusha uta. Mama Mbuvi alinishikia kigoda nisianguke. Hakutoa maoni. Alilipangusa vumbi podo la mishale lililotundikwa pamoja nao kwa kitambaa cha jikoni, kisha akakitia kitambaa motoni. Hayo ndiyo maoni yake.

Mishale sita. Kila kigumba, ile ncha ya chuma, kimeviringishwa ngozi laini, ili sumu isikauke na isimguse mtu. Na kwenye kila uti wa mshale iko alama ya baba: mikato mitatu, na mmoja wa kukingama. Kila mwindaji alikuwa na yake. Mnyama akifia mbali, aliyemwona alijua ni wa nani. Na kama aliyekufa si mnyama, ilijulikana vilevile.

Nimempelekea Mutunga, aliyewinda na baba. Amepita miaka themanini lakini vidole havitetemeki. Akafungua ngozi moja, akanusa, akaigeuza kwenye mwanga. Sumu nyeusi, haina ufa. Nikasema, imekaa miaka thelathini. Akasema sumu haihesabu miaka, huhesabu jua, na hii haijaliona jua. Yaweza kuua. Yaweza isiue. Hakuna njia ya kujua ila moja.

Kisha akanikumbusha kanuni ya baba, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi: ngozi haiondolewi mpaka umwone mnyama kichwa na mkia. Na lile neno jingine la baba ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa — mshale hauna kofi. Mkono waweza kupiga kofi ukaishia hapo. Fimbo yaweza kugonga mguu. Hata panga lina bapa. Mshale wa sumu hauna bapa. Ukikwaruza, umeua.

“Kwa hiyo nisiubebe?” nikauliza.

“Sijasema hivyo, Mwalimu. Nimesema usiufungue kwa kusikia. Ufungue kwa kuona.”

Aliponisindikiza hadi njiani alisema kwamba yeye leo hakuona kitu chochote. Uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na mtu akikutwa na mishale ya sumu ataulizwa maswali. Mimi, niliyewachapa wanafunzi kwa kuvunja amri ndogo kuliko hiyo! Nimelifunika podo kwa koti, nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 12 Agosti

Abdulatif amefunga duka lake la nguo baada ya swala, akaja tupange safari. Yeye ni mzaliwa wa Kitui mjini. Babu zake walitoka pwani na misafara, wakabaki. Kiswahili chake ni cha kuzaliwa nacho, changu ni cha kiboko cha mwalimu. Tumebishana juu ya hilo miaka arobaini.

Akaliona podo juu ya kiti. “Hili nini tena? Twaenda kumtazama mtoto ama twaenda kumteka?”

Nikamweleza. Akasikiliza huku akilisugua goti lake bovu. Akauliza, akitembea na mtu mwenye sumu, yeye atembee mbele au nyuma? Nikasema nyuma. “Basi kheri. Ndiko niliko siku zote.”

Halafu akaacha mzaha. Akasema: “Mwalimu, ukimuua mtu kwa ajili ya shati langu, hilo shati mimi nitalivaa vipi?”

Nilimwambia kwamba goti lake haliwezi kukimbia, na kwamba wazee wawili wenye fimbo ni kuku wawili barabarani. Je, kwenda mikono mitupu ni ushujaa, au ni kumrahisishia mwizi dhambi yake? Akasema hajui, yeye anauza khanga.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimewafundisha watoto “Usiue” kila Jumapili kwa miaka thelathini. Mchungaji sijamwuliza. Najua atakavyojibu, na hiyo ndiyo sababu sijamwuliza. Ni aibu kuandika hivyo, lakini daftari hili halina msomaji mwingine.

Nimeamua. Nitaubeba uonekane tu. Mshale hautafunguliwa.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimejaribu kuuvuta uta nyuma ya ghala, bila mshale. Mara ya kwanza kamba ilinichapa mkono. Mara ya pili ukavutika mpaka shavuni. Nilifurahi — kupita kiasi kimpasacho mtu wa umri wangu. Nikatazama kushoto na kulia kama kuna aliyeniona. Mama Mbuvi alikuwa amesimama na ungo wake. Akaendelea kupepeta.

Jumatatu, 15 Agosti. Jioni, kwa Kaluki

Tumetembea salama. Miguu imeuma panapostahili.

Lakini njia haikuwa ile. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni aliacha njia alipotuona, akasimama kwenye nyasi mpaka tupite. Miaka mingine angetuuliza habari za nyumbani na mvua. Wavulana wawili walinyamaza ghafla. Nami pia! Kila niliyekutana naye nilimtazama mikono kabla ya uso. Njia hii nilikuwa nikiijua kwa miti yake na mawe yake ya kupumzikia. Leo nimejua mahali pa mtu kujificha tu.

Abdulatif husimulia kutwa. Huwa nalalamika. Saa sita nilimwomba anyamaze ili nisikie vichaka. Akanyamaza, na safari ikawa ndefu mara mbili.

Kaluki ni mjane, na boma lake ndilo la mwisho kabla ya mteremko. Miaka yote tumelala katika nyumba ya mwanawe aliyeko Nairobi. Leo alitusimamisha langoni. “Hapo hapo! Mishale ya mgeni hailali ndani ya boma langu.” Ndiyo desturi, nilipaswa kufanya bila kuambiwa. Nikalitundika podo nje ya ua, juu, mbuzi wasifike.

Wakati wa chakula alinitania mbele ya Abdulatif: “Mwalimu, ulikuja kuwinda nani? Sisi wa huku ni mifupa tu. Utaiharibu sumu yako bure.”

Nikamwuliza juu ya mtu wa koti la kijani. Anamjua kwa macho. Hupita. Mara moja aliomba maji.

“Ukampa?”

“Kwani mto ni wangu?”

Alikunywa, akakisuuza kibuyu kabla ya kukirudisha. Kama ndiye aliyempiga Nzomo, Kaluki hajui. Makoti ya jeshi yako mengi siku hizi, yanauzwa hata sokoni. “Koti si mtu,” akasema, akaniongezea maharagwe.

Jumanne, 16 Agosti. Saa nane mchana, kivukoni

Naandika kwa sababu kalamu hunituliza. Niandike kwa utaratibu.

Tuliondoka kwa Kaluki saa sita, goti la Abdulatif lilipotulia. Katikati ya mteremko njia huingia kwenye miiba iliyofungana juu kama paa, na mtu hupita ameinama. Hapo nikasikia kitu nyuma yetu. Hatua nzito. Zikisimama tulipotulia, zikija tulipokwenda. Abdulatif akanitazama. Nikatoa mshale. Nikavua ngozi yake — kwa kusikia! Sikuwa nimeona kichwa wala mkia. Nikauvuta uta mpaka shavuni, na mikono ilikuwa imara ajabu. Baridi kabisa.

Akatokea punda wa Kaluki. Alikuwa ametufuata kwa sababu Abdulatif humpa maganda ya ndizi kila mwaka.

Abdulatif alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikijiuliza, je, angekuwa Kaluki, amekuja kumrudisha punda wake? Kwa aibu nikaurudisha mshale haraka podoni, nikamfukuza punda, nikaongoza njia nikiwa nimeinama chini ya miiba. Sikuuviringisha ngozi tena. Sikulifunga podo.

Hapa mtoni, nilipokuwa navua viatu nivuke, niliingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Nikatoa kipande cha ngozi.

Nikahesabu mishale. Mitano.

Ngozi ninayo. Mshale sina. Mwiba umeunyofoa mahali fulani kati ya pale na hapa, na sasa umelala njiani, kigumba wazi, na alama ya baba yangu ubavuni. Na watu wa huku hupita hapa kuteka maji. Miguu mitupu.

Kaluki alitukuta hapa. Alikuwa amekuja na madebe yake kwa kijia kingine cha mbuzi. Kwa bahati tu! Nilimwambia yote. Nilitarajia kelele. Alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi aliyekwisha kujua kosa lake.

“Leta viatu.”

Nikampa. Akavivaa, vikubwa kama mitumbwi. Mimi macho yangu ya karibu hayafai kitu. Yeye huona sindano. Yeye na Abdulatif wanapanda polepole, mmoja kila upande wa njia, wakifunua nyasi kwa fimbo. Nilitaka kwenda nao. “Bila viatu uende wapi? Keti hapo katikati ya njia. Asipite mtu. Hata chifu.”

Basi nimeketi. Uta nimeufungua kamba, nikauweka pamoja na podo chini ya jiwe kubwa, hatua nne kutoka hapa. Hii ndiyo kazi yangu leo: kulinda njia, isimdhuru mtu kwa silaha niliyoibeba ili njia isinidhuru mimi.

Saa nane u nusu. Wamekuja wanawake watatu kutoka upande wa chini wa mto. Nimewaambia kuna mshale. Mmoja akauliza, wa nani? Nikasema, wangu. Akauliza, umempiga nani? Nikasema, bado. Neno baya kuliko yote niliyowahi kusema! Wamezunguka kwa kijia cha mbuzi. Nimewasikia wakilitaja jina la Mwalimu.

Saa tisa. Sauti ya Abdulatif naisikia huko juu. Anasimulia. Ina maana hawajauona.

Saa tisa na robo. Kuna mtu anavuka kutoka upande wa Kitui. Yuko peke yake. Maji yanamfika magotini. Gunia begani. Mkono wa pili una kitu kirefu — fimbo au panga, mwanga wa majini unanizuia kuona. Koti refu. Kwa joto hili, koti! La kijani.

Amekwisha kuniona. Hapunguzi mwendo. Njia ya kupandia ni hii niliyoikalia, na jiwe liko hatua nne.

Ametoka majini. Hana viatu.

Nasimama nimwambie asipite.