Ukuta Unaometameta

Lagos, Jumanne

Mke wangu Kaneng,

Salamu zimefika, na nimefurahi kwamba Pam ameota jino. Mimi bado nabeba matunda sokoni, mgongo ndio unaolalamika.

Jana walikuja watu wa chuo kikuu kupima mionzi kwenye machungwa. Kehinde, mbebaji mwenzangu, akawatania, akininyooshea kidole: "Mpimeni na Davou, katoka Jos kwenye migodi ya bati."

Mama mpimaji akacheka. Alisema mionzi ya asili imo kidogo katika kila tunda, haidhuru. "Ila ule mchanga mweusi wa migodini, kaka, una mionzi mingi, usiujengee nyumba. Ukilala nao miaka mingi unaweza kukuletea saratani."

Nilikaa juu ya kreti.

Kaneng, ukuta ule wanaousifu majirani kwa kumetameta niliupaka mchanga huo mwenyewe, nikidhani nawapambia wanangu chumba. Wanalala wameuegemea.

Ukimaliza kusoma, wahamishie kwa mama. Usiningoje. Jumamosi nakuja kuubomoa kwa mikono hii hii.

Machungwa niliyompa dereva pamoja na barua hii hayana neno. Wape watoto, lakini wasiyale chumbani mle.

Mumeo,
Davou