Mguu wa Mama Mkwe

Kharumwa, 3 Mei 1951

Baba Marcel, mume wangu,

Pole na kazi. Huku tunaamka salama; Marcel kikohozi kimemwacha, anakimbiza mbuzi siku nzima. Mgonjwa ni mama tu. Ile homa iliyompata alipokuja kututembelea huko Nyarugusu imekwisha, tangu mlipomchoma kwinini pale zahanati. Lakini sasa mguu wa kulia haunyanyuki. Akitembea, vidole vinaburuza mavumbi, na jana amejikwaa kizingitini akaanguka na mtungi. Anasema maumivu yalianza sindano ilipoingia, yakashuka kama moto hadi unyayoni, akanyamaza kwa kuona haya.

Kaka Bujiku anasema amerogwa na hao wachimba dhahabu wenu, anataka kumpeleka kwa mganga. Mimi nimechoka. Nikitoka shamba namkuta mama ananisubiri nimpeleke uani. Wewe ni dresa, kutibu watu ndiyo kazi yako, niambie mguu una nini na kama utapona. Sitarudi huko mpaka nijue.

Mkeo,
Mama Marcel


Nyarugusu, 14 Mei 1951

Mama Marcel,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua nimeipata kwa dereva wa lori la pamba. Mpe mama pole nyingi, na Bujiku msalimie. Hapa wagonjwa hawaishi. Kila mchimbaji anataka sindano, ukimpa vidonge anaona umemdharau. Jioni nikifunga mlango sina hamu hata ya kula.

Ninayokuuliza ni aibu kumuulizia mama mkwe, unisamehe, na usimwambie yametoka kwangu. Utakapompaka mafuta, ligawe tako la kulia kwa macho mafungu manne: mstari mmoja wa kushuka, mwingine wa kulikata katikati. Kovu la sindano liko fungu lipi? Fungu la juu, upande wa nje, ni misuli imelaliana, sindano ikiingia hapo haina cha kudhuru. Ila chini, upande wa ndani, umefunikwa na ule msuli mkubwa wa tako, unapita mshipa wa fahamu mnene kama kidole gumba. Mwilini hakuna unaouzidi unene. Unatokea ndani ya nyonga, unashuka nyuma ya paja hadi vidoleni.

Kisha umsimamishe kwa mguu huo mmoja, uone kama nyonga ya upande wa pili inashuka. Mwambie avute vidole juu, halafu avikanyage chini. Mguse juu ya wayo kwa unyoya akiwa amefumba macho. Niandikie yote.

Mumeo,
Baba Marcel


Kharumwa, 1 Juni 1951

Baba Marcel,

Milele na milele, amina. Hatujambo, tunajikongoja. Nimefanya ulivyosema, nikamdanganya mama kwamba ni mafunzo ya masista. Alicheka, akauliza masista walijifunzia wapi kugawa watu mafungu kama nyama ya harusi. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu arudi.

Nyonga ni imara, haishuki. Vidole anavikanyaga chini kidogo, kuvivuta juu hawezi kabisa. Unyoya hausikii, wala kucha yangu nilipombana. Kovu liko fungu la chini, upande wa ndani.

Sasa na mimi unijibu. Siku ile nilikuwa nje na mtoto. Ndani mlikuwa wewe na Mabula mfagizi. Nani alimchoma mama? Na wewe unayeyajua mafungu yote manne, ulikuwa wapi?

Mkeo,
Mama Marcel


Nyarugusu, 8 Julai 1951

Mama Marcel,

Natumaini mnaendelea, na kwamba bado unazifungua barua zangu. Yako nimekaa nayo muda mrefu, kila nikishika kalamu naiweka chini.

Alichoma Mabula. Amezoea kunishikia vyombo, mtu hajawahi kumchoma. Unajua mwenyewe kwetu Usukuma mkwe hamtazami mama mkwe usoni, seuze kumfunua nguo. Nilivuta dawa kwenye bomba la sindano, nikampa, nikasimama mlangoni nimewapa mgongo, nikawa namwelekeza kwa mdomo: juu, upande wa nje. Mama naye kwa haya hakupandisha kanga yote. Palipokuwa wazi ni chini tu, Mabula akachoma hapo hapo. Nilimsikia mama akiguna, sikugeuka. Nilikuwa najiona mkwe mwema.

Sitakuficha. Kwinini imeuunguza mshipa ule. Mishipa ya misuli ya nyonga inatokea juu zaidi, ndiyo maana yenyewe imesalimika. Mshipa ulioungua huota upya polepole sana, na huenda usiote. Mfunge kitambaa kutoka vidoleni hadi chini ya goti, kiuvute wayo juu, na umnyooshe kila asubuhi. Tafadhali sana, asiote moto kwa mguu ule. Hatasikia ukiungua.

Mumeo,
Baba Marcel


Kharumwa, 22 Julai 1951

Baba Marcel,

Marcel mzima, anakuulizia. Barua yako imefika imechelewa. Wiki iliyopita asubuhi kulikuwa na baridi, mama akakaa jikoni akipiga soga huku mguu ameunyoosha mafigani. Mimi nikasikia harufu ya nyama, nikadhani ni jirani anachoma. Sasa ana kidonda kisiginoni, kinanuka, na hakimuumi. Hilo la kutokuuma ndilo linanitisha.

Nilitaka kukuchukia, nikashindwa. Siku ile hata mimi, ungeniuliza, nisingekuruhusu umfunue mama yangu. Kwa hiyo hasira ninayo, na pa kuiweka sina.

Nimemsomea barua zako zote mbele ya Bujiku. Nilipomaliza, mama akasema: "Mwambie mkwe wangu aje mwenyewe autazame mguu, hadi kwenye kovu. Si huyo Mabula. Na aje mchana, watu wakiona."

Bujiku akaruka: "Mayu, mama yangu, mkwe akuvue nguo? Watu watasemaje?"

"Waseme," mama akamjibu. "Wao wanatembea."

Njoo na dawa ya kidonda na bandeji za kutosha. Maji nitachemsha mimi.

Mkeo,
Mama Marcel